Pingamizi la Apolonia Haule

Iko nchi moja, jina lake tuliache, maana wenyewe wamelibadilisha mara nyingi mno na haijulikani leo wameamka wanaitwaje. Ni nchi njema. Ina bendera ndefu, barabara fupi, na kiongozi mmoja aitwaye Mlezi Mkuu, ambaye picha yake hutundikwa hata ndani ya visima, ili anayechota maji akumbuke kushukuru.

Katika ujana wake Mlezi Mkuu alisoma seminari. Hakusoma sana, kwa sababu divai ya altare ilianza kupungua tangu alipokabidhiwa ufunguo wa sakristia, chumba ilimotunzwa, na mapadre wa enzi zile walikuwa watu wa kijicho. Lakini kile kidogo alichookota kilimkaa. Uzeeni, alipochoka kuzindua sanamu zake, alikumbuka Kilatini, majoho meusi na kengele ya kuamkia, akatoa tamko kwamba vijana wa sekondari wameoza na dawa yao ni Elimu ya Kale, ile ya Kikatoliki, yenye kina, "kama niliyohitimu mimi".

Nchi nzima ikaingia kazini. Magari ya taka yaliandikwa maneno ya Kilatini ubavuni. Polisi walipewa kozi ya kumkamata mtu kwa Kilatini, na asiyejibu kwa Kilatini alihesabiwa kuwa amekiri. Waislamu na walokole walipouliza wao itakuwaje, waliambiwa hii si dini, ni nidhamu. Wizara ya Elimu ikageuzwa kuwa Wizara ya Maadili, Kengele na Elimu ya Kale, na akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Onesfori Malugu, mtu mnene mwenye sauti ya mimbarini, ambaye Kilatini chake chote kilikuwa "et cetera". Alilitamka neno hilo polepole, amefumba macho, na wananchi wakaitikia "Amina".

Wataalamu wa wizara walifungua vitabu vikuukuu wakakuta sanaa saba ambazo kijana wa kale alifundishwa. Muziki waliupitisha kwa sababu ya mapokezi ya viongozi. Jiometri waliipitisha kwa sababu ya gwaride. Walipofika kwenye mantiki waliizungushia duara la wino mwekundu, kisha wakaandika pembeni: "Ifundishwe bila mifano."

Palikuwa na shule moja tu iliyokuwa ikifundisha mambo hayo tangu zamani bila kuamriwa na mtu. Ni shule ya kidato cha tano na sita ya Mtakatifu Ponsiano, juu mlimani, penye baridi na mikaratusi. Mkuu wake alikuwa Padre Ladislausi Mbunda, mzee mwembamba aliyevaa kanzu yenye viraka na kufundisha mantiki kana kwamba anagawa mkate. Na katika wanafunzi wake hakuna aliyeula mkate huo kwa njaa zaidi ya Apolonia Haule wa kidato cha sita, binti wa bondeni, asiye na baba, ambaye alikuwa akimtazama Padre kama baba na hakuona haya kusema hivyo.

Kilichompendeza Apolonia kuliko vyote ni mjadala wa Jumamosi. Desturi yake ilikuwa hivi. Swali linawekwa, na kila mwanafunzi anatia mkono kwenye kofia ya Padre na kutoa harage. Anayetoa jekundu ndiye mpinzani. Huyo anasimama kwanza na kuutetea upande mbaya kwa nguvu zake zote, hata kama hauamini. Kisha anasimama mjibu. Lakini mjibu haruhusiwi kujibu kitu mpaka airudie hoja ya mpinzani kwa maneno yake mwenyewe, na mpinzani akiri: "Ndivyo." Hapo ndipo anajibu, na jibu likitosha, mpinzani anasema "Nimeridhika" na kuketi. Pasipo "Ndivyo" hakuna jibu, na pasipo "Nimeridhika" hakuna kwenda kula. Mara nyingi ugali ulipoa jikoni watu wakibishana kama hoja imerudiwa sawasawa.

"Usiyeweza kuisema hoja ya mwenzako," Padre alikuwa akiwaambia, "hujaisikia. Na kama hujaisikia, unamjibu nani?"

Wizara ilipopata habari kwamba Elimu ya Kale ipo tayari mlimani, tena na mapaa yanayovuja, ilifurahi mno. Akaja Bwana Itifaki, kijana wa suti ya kung'aa anayepanga ziara za Waziri, kuleta taarifa kwamba Mheshimiwa atakuja kushuhudia mjadala, Redio ya Taifa itaurusha moja kwa moja, na swali limekwisha kuchaguliwa: Je, Mlezi Mkuu anaweza kukosea?

Padre alilisoma, akafuta miwani yake, akalisoma tena.

"Mwanangu, mnajua kwamba kwa utaratibu wetu lazima mtu asimame aseme kuwa anaweza?"

"Lakini si mwishoni atajibiwa kuwa hawezi?"

"Mwishoni, ndiyo."

"Sasa Padre, shida yako iko wapi?" alisema Bwana Itifaki, akaenda kuchagua mbuzi.

Harage jekundu likamwangukia Apolonia. Wenzake walimpa pole, yeye akacheka. Aliliona kama zoezi tu, tena zuri. Alikaa akitafuta hoja yenye nguvu, maana Padre hakupenda mpinzani wa kuigiza, na kila alipotafuta vitabuni alijikuta anarudishwa nyumbani, bondeni, mwaka ule wa mbegu za kukaanga. Alitamani kuiacha hoja hiyo. Lakini kila nyingine aliyoipata ilikuwa dhaifu, na yeye alikuwa amefundishwa kutochagua dhaifu kwa makusudi.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa majoho mapya ambayo wizara ilikuwa imeyashonesha kwa kitambaa cha makochi. Watoto walitoka jasho mpaka rangi ikawachuruzikia shingoni. Waziri alichelewa, akahutubia kwa kirefu juu ya vijana kuwahi, kisha akaketi kwenye kiti cha askofu na kulala. Harufu ya mbuzi wa kuchoma iliingia madirishani na kumkaa Apolonia kooni kabla hajafungua kinywa.

"Inaonekana," alianza, kama desturi inavyotaka, "kwamba Mlezi Mkuu anaweza kukosea. Maana aliamuru mbegu za mahindi zikaangwe kabla ya kupandwa, ili wadudu wasizile ardhini. Wadudu hawakuzila. Wala hazikuota. Ikiwa alijua kwamba hazitaota, basi alitaka tufe. Ikiwa hakujua, basi alikosea. Na kwa kuwa hatuwezi kusema kwamba Mlezi wetu alitaka tufe, heshima yake yenyewe inatulazimisha kusema kwamba alikosea."

Angeweza kuishia hapo. Hoja ilikuwa imetimia. Lakini sauti yake ikaendelea peke yake: "Bondeni tulikula magome ya miti. Wengine hawakuuona mwaka uliofuata." Na akiwa bado amesimama akatambua kwamba hakuwa akiutetea upande mbaya, bali alikuwa akisema jambo analolijua.

Ukumbi ukawa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomwamsha Waziri, kwa kuwa alikuwa amezoea kulala penye makofi. Akaangaza macho, akaona binti amemaliza kusema, naye akapiga makofi mwenyewe kwa nguvu.

"Hoja nzito," alisema kwenye kipaza sauti cha Redio ya Taifa. "Serikali inaiunga mkono kwa asilimia mia moja, et cetera."

"Amina," wakaitikia waliokuwa nyuma.

Gaudensi, kijana aliyepangwa kuwa mjibu, akainuka na makaratasi yake. Lakini Bwana Itifaki alikuwa ameshatazama saa. Alikuwa na uzoefu wa ziara nyingi, na ziara zote alizozijua zilianza na salamu ndefu ambazo hazina maana. Akadhani maneno ya Apolonia ndiyo salamu na mjadala ni kitu kingine cha kupunguzwa. Akatangaza kwamba sehemu iliyobaki ichukuliwe kuwa imekwisha kusikilizwa, na wageni waelekee chakula. Waziri alikula kuanzia maini hadi mbavu bila kunawa, akatema mifupa chini ya sanamu ya Mtakatifu Ponsiano, na akaondoka akimsifu kila mtu.

Hivyo nchi ile ikabaki na pingamizi lisilo na jibu, lililosikika mpaka vijiji vya mwisho na kuungwa mkono na Waziri kwa asilimia mia moja. Bondeni watu walitoka nje ya nyumba zao wakatazamana, wakarudi ndani.

Wa kwanza kupanda mlimani alikuwa Kamanda wa polisi wa mkoa, na daftari.

"Binti, siku ile ulisema nini?"

"Nirudie, afande?"

"Nani amekwambia urudie? Nimeuliza ulisema nini."

"Nikikujibu si nitakuwa nimerudia?"

Kamanda alifikiri sana. Kurudia maneno yale kulikuwa kosa kwake aliyeyasema, kwake atakayeyasikia, na kwake atakayeyaandika. Mwishowe akaandika, "Mtuhumiwa alisema maneno," akamtaka Apolonia atie sahihi, akashuka mlima kwa haraka.

Ikaundwa Tume ya Maprofesa kuandaa jibu. Mwenyekiti wao alifungua kikao kwa kuonya kwamba hakuna mjumbe anayeruhusiwa kulitaja pingamizi, kulisoma, wala kulikumbuka. Wakalijibu hivyohivyo. Jibu lao lilikuwa kitabu kinene chenye jalada la ngozi, na kila sura ilieleza kwa ushahidi wa kutosha kwamba si kweli. Kwamba nini si kweli, kitabu hakikusema.

Wangeliishia hapo kama si Mlezi Mkuu mwenyewe. Alipoletewa habari, zikiwa zimelainishwa, alichangamka. "Mambo haya nimeyasoma," alisema. "Mpinzani lazima aseme Nimeridhika. Asiposema, mjadala haujafungwa. Tena aseme redioni." Mheshimiwa Malugu akatoka ikulu shati limemganda mgongoni, na jioni hiyohiyo gari lake lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba ya Padre Ladislausi.

Kesho yake Apolonia aliitwa ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Keti, mwanangu." Padre hakumtazama, alikuwa akipanga kalamu zake mezani. "Mtihani wa taifa umekaribia. Namba yako ya mtihani anayo Mheshimiwa. Ukisema neno lile moja, unarudishiwa. Usiposema, hufanyi mtihani, hapa wala penginepo."

"Nikisema bila kujibiwa nitakuwa nimedanganya, Padre."

"Utajibiwa. Kutakuwa na kikao kingine."

"Nani mjibu?"

"Mimi."

Apolonia alisikia mzigo unamtoka kifuani. Kama ni Padre, basi hoja itarudiwa kama inavyotakiwa, mbele ya watu wote, na ikijibiwa vizuri ataridhika kwelikweli, wala hatakuwa na donge. Alitaka kuridhika. Hakuna aliyetaka kuridhika katika nchi ile kuliko yeye.

"Padre, wewe ulikuwa paroko wetu bondeni mwaka ule," alisema. "Ndiwe uliyemzika baba. Ulisema kaburini kwamba njaa ile haikutoka kwa Mungu. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia."

Padre aliinuka akafunga dirisha. "Kuna upepo," alisema, ingawa mikaratusi ilikuwa imetulia.

Siku ya kikao cha pili Padre aliingia ukumbini amevaa kanzu mpya yenye nyuzi za dhahabu, zawadi ya wizara. Juu ya bweni mafundi walikuwa wameanza kupigilia mabati mapya, wakaambiwa wanyamaze kidogo. Waziri safari hii hakulala. Alimkodolea macho Apolonia kama mtu anayemsubiri mgonjwa ameze dawa.

Padre akasimama, akaunganisha viganja.

"Kabla sijajibu, narudia hoja ya mpinzani," alisema. "Mpinzani alisema kwamba Mlezi Mkuu anawapenda watu wake kupita kiasi, hata akawa anazihurumia mbegu zao. Ndivyo?"

Apolonia alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Padre, na Padre alikuwa akitazama ukuta.

"Sivyo, Padre."

Watu wakaguna. Padre akalamba midomo.

"Mpinzani alisema kwamba wadudu wa nchi hii ni wakaidi na hawatii mamlaka. Ndivyo?"

"Sivyo."

"Mpinzani aliuliza kama inafaa tumshukuru Mlezi Mkuu asubuhi au jioni. Ndivyo?"

Pale mbele wageni wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuona chakula. Harufu ya mbuzi iliingia tena kwa madirisha yaleyale. Apolonia hakuigeukia. Aliendelea kumtazama yule mzee, zile nyuzi za dhahabu, mikono ile iliyounganishwa vizuri kana kwamba inasali.

"Sivyo, Padre," alisema. "Na unajua kwamba sivyo. Nirudie mwenyewe?"

Padre alifungua kinywa, lakini Waziri alikuwa ameshainuka na kushika kipaza sauti.

"Mpinzani ameridhika," alitangaza, "et cetera."

"Amina," ukumbi ukaitikia, na bendi ikapasua tarumbeta. Makofi yakapigwa mpaka vumbi likadondoka darini. Gaudensi alipiga akitazama viatu vyake. Padre Ladislausi naye alipiga, taratibu, vidole kwa vidole, makofi yasiyotoa sauti.

Baada ya chakula Waziri alimwita Apolonia pembeni, mafuta ya mbuzi yakimng'aa kidevuni, akamweleza kwa upole kwamba serikali haimfukuzi mtu. Ila mpinzani, kama taifa zima lilivyosikia, ameridhika. Yeye hajaridhika. Kwa hiyo yeye siye mpinzani. Na mtu asiye mpinzani aliyekaa kwenye kiti cha mpinzani ni mtu aliyejifanya mwingine, na anayejifanya mwingine hawezi kupewa namba ya mtihani, maana haijulikani ni nani anayefanya huo mtihani.

"Hiyo ndiyo mantiki, binti yangu," alisema Waziri, akachokonoa jino. "Si mnafundishwa?"

Shule ya Mtakatifu Ponsiano ikatangazwa kuwa Kituo cha Taifa cha Elimu ya Kale, na mkuu wake akateuliwa Mshauri wa Mlezi Mkuu katika masuala ya kina. Kutoka siku hiyo kiti cha mpinzani kiliwekwa mto wa velveti na kutengwa kwa ajili ya Waziri atakapozuru. Wanafunzi waliendelea na mijadala ya Jumamosi. Iliisha mapema na ugali uliliwa ukiwa moto.

Apolonia alifungasha vitu vyake kwenye sanduku la bati akatoka bila kusindikizwa, kwa sababu wenzake walikuwa wameagizwa kuwa na mazoezi ya kwaya. Alikuwa amefika getini aliposikia viatu vikikimbia nyuma yake. Padre Ladislausi alikuja akihema, kanzu mpya ameikunja mpaka magotini, mkononi ameshika kifurushi kilichofungwa kwa karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa imeloa mafuta.

"Safari ni ndefu," alisema. "Nimekuwekea nyama. Nilichagua isiyo na mifupa."

Apolonia hakuinua mkono. Padre aliendelea kumnyooshea.

"Lazima unielewe, mwanangu. Kuna watoto wengine hapa. Bweni lilikuwa linavuja. Mtu mzima anapima, anatazama hiki na kile. Wewe una akili, siku moja utanielewa."

"Niko tayari kuelewa, Padre," alisema Apolonia. Aliweka sanduku chini. "Rudia nilichosema. Hapa tuko mimi na wewe, hakuna redio. Rudia mara moja tu, nitasema Ndivyo, na nyama nitapokea."

Padre alitazama kibanda cha mlinzi, kilikuwa kitupu. Akatazama barabara inayoshuka bondeni, haikuwa na mtu. Akatazama juu kwenye mikaratusi. Midomo yake ilianza kufanya umbo la neno, na Apolonia akamsogelea ili alisikie vizuri.

"Chukua," alisema Padre Ladislausi. "Itapoa."